Gundi Isiyo na Harufu

Jumanne, tarehe 5 Agosti 2025. Asubuhi hiyo kulikuwa na ukungu na manyunyu membamba ambayo hayakutosha kuitwa mvua lakini yalilowesha kila kitu. Mimi na mume wangu Wangila tulitoka Sarang'ombe, huko Kibera, tukiwa tumefunika mfuko wetu kwa nailoni, tukapita Soko la Toi wauzaji wa mitumba wakiwa bado wamekunja mikono kifuani kwa baridi, tukavuka Ngong Road, tukashika njia ya Kawangware. Ndani ya mfuko mlikuwa na mikanda ya ngozi niliyoishona shanga nyumbani. Shanga ndizo kazi yangu. Kazi ya Wangila ni kuunganisha ngozi na soli ili sandali isimame, ipande ndege, ikavaliwe na mtu ambaye hatutamwona kamwe.

Karakana yetu iko katika ploti ya Mama Irungu, nyuma ya vyumba vyake vya kupangisha. Jina lake hasa ni Wamucii. Ukoo wao umekaa Kawangware tangu barabara ikiwa ya vumbi. Mumewe alipofariki, alitenga chumba kimoja kikubwa, akaweka meza ndefu ya mbao, akatafuta mafundi. Binti yake Valerie huandikiana na wanunuzi wa ng'ambo kwa simu, na sisi hutengeneza. Mama Irungu si mwenye ploti wa kusimama juu ya watu. Chai ya saa nne huipika mwenyewe, na fundi asipokuja kazini, hutuma mtu amuulize afya kabla ya kumuuliza kazi.

Asubuhi hiyo hakuwa amepika chai. Alikuwa ameketi karibu na mlango, shuka mabegani, na juu ya meza kulikuwa na katoni iliyorudishwa kutoka Uholanzi.

Sandali zilikuwa zimefunua midomo. Soli ilikuwa imeachana na ngozi kuanzia vidoleni hadi kisiginoni, na shanga zangu zilibaki zimepangika vizuri juu ya kiatu kisichovalika. Valerie alitueleza kwa sauti ya chini kwamba wateja walizivaa kwa muda mfupi tu. Mwenye duka hakukasirika, na hilo ndilo lililotuuma zaidi. Alisema anaupenda mkono wetu, na kwamba atapokea jozi chache za majaribio. Zikishika, ataendelea kuagiza. Zikifunuka, atatafuta mafundi wa nchi nyingine.

Mama Irungu aliongeza lake akiangalia sakafu. Mnunuzi huyo ndiye aliyekuwa akiibeba karakana. Akienda, yeye hana namna ya kukiacha chumba kikae bure, na tayari kuna mtu aliyekiulizia ili afuge kuku.

Wangila alipitisha kiganja chake kwenye kona ya meza, mahali pake, ambapo mbao imeliwa na nyundo mpaka ikawa na kishimo kama kibakuli. Tulipokuja Nairobi kutoka Bungoma, alianza kwa kushona viatu vya watu akiwa ameketi kwenye debe kando ya mtaro. Meza hiyo ndiyo iliyomfanya aitwe fundi.

"Buda, hao kuku watalala kwa kona yako," alisema Isaac, fundi mwenzake, kijana wa maneno mengi. "Hapo ni warm."

Hakuna aliyecheka. Isaac mwenyewe alijaribu kutabasamu, akaacha.

Ili msomaji aelewe, lazima nieleze kuhusu gundi.

Kwa miaka yote mafundi wetu walitumia gundi ya manjano inayotoka nje ya nchi. Ukiipaka na kugonga nyundo, ilikuwa imeshika. Ilikuwa na harufu kali ya kupasua kichwa. Ndiyo hiyo ambayo watoto wa mitaani huivuta kwenye chupa. Kisha wenye maduka ya vifaa vya viatu walitwambia kwamba masharti ya viwango yamekazwa. Gundi ya viatu sasa ilipaswa kupimwa huko inakotengenezwa kabla ya kupakiwa melini, na ikipatikana na sumu kupita kiasi isipewe hati. Bila hati haitoki bandarini. Ile ya manjano ikaanza kupungua, ikapotea madukani, na mahali pake ikaja nyingine ndani ya mikebe safi.

Mkebe wa kwanza ulipofunguliwa, mafundi wote walisogea. Gundi ilikuwa nyeupe pepepe, nyepesi, na haikunuka chochote.

"Gundi haikupei hata kizunguzungu, hiyo ni gundi kweli?" Isaac aliuliza. "Hii ni maziwa lala."

Wangila aliipaka kwenye soli akagonga, ikateleza. Aliipima kati ya vidole, akainusa tena na tena, kisha akatoa uamuzi: kuna mtu ameiongeza maji. Hakuna aliyembishia, maana huku kwetu nani hajawahi kununua maziwa yaliyoongezwa maji? Mtu akishuku maziwa, huyachemsha aone kinachobaki. Basi Wangila aliomba sufuria, akawasha jiko, akamimina gundi na kuikoroga kwa mwiko taratibu kama mtu anayewapikia wagonjwa uji. Ilipoanza kuwa nzito aliipua. Sasa ilipakika, na ukigonga inang'ang'ania. Mama Irungu alivuta soli kwa mikono miwili, kama kawaida yake, ikashika. Wote walimsifu Wangila. Habari ikavuka mpaka Toi na Sarang'ombe, na mafundi wa huko nao wakaja kumuuliza inapikwa kwa moto wa namna gani.

Hizo ndizo sandali zilizokuwa mezani zimefunua midomo.

Siku hiyo kila mmoja alitafuta wa kulaumiwa. Isaac alilaumu baridi ya Uholanzi. Wangila alisema muuza duka amezidisha maji, kwa hiyo wataipika zaidi. Mama Irungu aliwalaumu walioweka masharti, watu wa ofisini ambao hawajawahi kushika nyundo, wanaotuondolea gundi inayoshika na kutuletea isiyoshika, halafu wanatuhimiza tuuze ng'ambo.

Ndipo Isaac aliposema anamjua mtu pale Toi anayeuza ile ya manjano, imepita mpakani kwa njia za panya, anaificha kwenye chupa za maji chini ya rundo la viatu. Mama Irungu hakumkataza.

Valerie ndiye aliyepinga. Alimkumbusha mama yake kwamba hata wakati wa gundi ya manjano mnunuzi alikuwa akilalamika. Katoni zilinuka, na ilibidi azianike kabla ya kuziweka dukani. Sasa huko kwake nako viatu vinapimwa, na sumu ikionekana mzigo wote unateketezwa. Kwa hiyo gundi iliyoshika ilikuwa imekataliwa huku na kule, na iliyokubaliwa haikushika. Tulikuwa kama watu waliofungiwa mlango wa mbele na wa nyuma.

Mimi nilikuwa na jambo langu moyoni. Miaka ile ya gundi ya manjano, Wangila alirudi nyumbani na harufu iliyoingia hata kwenye blanketi. Macho yalikuwa mekundu, kichwa kikimgonga, chakula akikisukuma kando. Binti yetu Trizah alipokuwa mdogo alimsalimia baba yake akiwa mbali. Tangu gundi nyeupe ije, mume wangu aliuliza kuna nini jikoni kabla hajavua viatu. Kwa hiyo wenzangu walipokuwa wakiililia gundi ya zamani, mimi nilikuwa nikimwomba Mungu isirudi. Nami niliona vigumu kuomba hivyo, kwa sababu ombi langu likijibiwa, huenda meza ingeondoka pamoja na gundi.

Jioni niliporudi nyumbani nilimkuta Wangila ameketi na mkebe mdogo wa gundi nyeupe mbele yake. Alikuwa ameuomba kwa Mama Irungu ili aujaribu nyumbani. Alikuwa akiutazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyekataa kusema ametoka wapi.

Jumamosi kanisa letu lilikuwa limetangaza siku ya kufunga. Nyumbani kwetu siku ya kufunga ina sheria moja: moto hauwashwi mpaka jioni. Nilijiwekea sheria hiyo zamani, baada ya kugundua kwamba chai ikichemka hakuna mfungaji. Wangila alikubali kufunga nami, na nilimshukuru Mungu, kwa kuwa kwa kawaida yeye hufunga mpaka saa tatu.

Sandali zangu za kanisani zilikuwa zimeachia soli. Akasema atanitengenezea kwa gundi hiyo, na akaanza kuangalia jiko.

"Washa moto kidogo tu, Mama Trizah. Gundi sitainywa."

"Moto ni moto, Baba Trizah. Tukiwasha kwa ajili ya gundi, utaniambia na maji ya chai yapite hapo hapo."

Alinitazama kama mtu aliyeshikwa mkono ndani ya chungu. Kweli macho yake yalikuwa yamekwisha kufika kwenye mkebe wa majani. Akasema ataipaka hivyo hivyo mbichi, ikikataa basi, na dhambi iwe juu yangu. Akapaka soli, akapaka ngozi, huku akinung'unika kwa Kibukusu maneno ambayo aliamini siyasikii.

Kabla hajaviunganisha, mlango ulibishwa. Walikuwa jirani zetu wa kikundi cha maombi, wakiongozwa na Mama Nyongesa. Wangila aliweka soli juu ya kigoda na ngozi juu ya ndoo iliyofunikwa, akajipangusa mikono, akapiga magoti nasi.

Mama Nyongesa ni mwanamke ambaye Mungu amempa pumzi. Huwaombea watu wa Kibera mtaa kwa mtaa. Akianza Sarang'ombe humtoi mpaka afike Ayany, na huko nako ana ndugu. Siku hiyo aliwaombea wagonjwa, wajane, wanafunzi, wenye ploti walainishwe mioyo, na wapangaji wapate kodi. Alipomtaja Wangila na kazi ya mikono yake, nilimsikia mume wangu akisema amina.

Tulipoinuka magoti yaliuma. Wangila alirudi kwenye kigoda chake akaguna. Gundi imekufa, alisema. Weupe wote ulikuwa umetoka. Ilibaki utando mwembamba unaong'aa kama yai bichi lililopakwa juu ya ngozi, na ukiugusa kwa kidole haushiki kidole. Kwa hasira kidogo alichukua soli akaibandika juu ya ngozi, bila hata kulinganisha, ili tu aviweke kando pamoja.

Kisha akaona ameibandika upande. Akajaribu kuisogeza. Haikusogea. Akavuta, kisha akaweka goti juu yake na kuvuta kwa mikono miwili, mishipa ya shingo ikamtoka. Kitu kilikatika kwa mlio, na wanawake wote waligeuka. Wangila alikuwa amekaa sakafuni, mkononi ana kipande cha ngozi. Mkanda wa sandali yangu ulikuwa umeraruka. Gundi haikuachia.

Alianza kucheka. Alicheka mpaka akafuta macho, nami nikiwa nasikitikia sandali yangu nikajikuta nacheka naye. Halafu akaacha ghafla, akautazama ule mkebe.

"Nimeipika," alisema. "Sella, haikuwa na maji. Nimeipika nikaiua."

Huwa haniiti Sella ila mambo yakiwa mazito.

Mama Nyongesa alikuwa amekwisha kuinua mikono akimshukuru Mungu kwa muujiza, akisema hayo ndiyo maombi. Wangila ni mtu wa heshima. Alifikiri kidogo kabla ya kumjibu.

"Ni maombi kweli, Mama. Lakini ungeomba mafupi, tungeikosa."

Wanawake walicheka, na Mama Nyongesa akacheka kuliko wote. Mimi sikuona tofauti kubwa kati ya maneno yake na yale ya Mama Nyongesa. Mungu angeweza kutufundisha kwa njia yoyote, naye alichagua kutuzuilia moto na kutukalisha chini mpaka gundi ikauke.

Usiku huo, na kesho yake kanisani, furaha ya Wangila iligeuka kuwa mzigo. Nilijua anachowaza. Karakana nzima ilipika gundi kwa sababu yake. Katoni ilirudi kwa sababu yake. Mafundi wa Toi waliokuja kumuuliza walikuwa wakipika mpaka leo. Tukitoka ibadani aliniuliza, bila kunitazama, kama si vizuri aache tu kupika kimya kimya, wengine wamfuate, na jambo lipite lenyewe. Nilimwambia kwamba Isaac ana macho, na siku moja ataliona. Nilimwambia pia kwamba mimi nitakuwa mke wake akisema na asiposema, lakini akisema, nitatembea naye Kawangware kichwa kikiwa juu. Tulipofika kwenye mtaro alinishika mkono kunivusha, na hakuuachia mpaka nyumbani.

Jumatatu alinipitisha kwanza mjini, kwenye duka ambako Mama Irungu hununulia gundi. Alimuuliza muuzaji hii kitu inatumiwaje. Muuzaji alishangaa. Alisema wateja wote huja kumgombeza kwamba ameongeza maji, wakaondoka kabla hajafungua mdomo. Hakuna aliyewahi kuuliza. Kisha akaeleza: paka pande zote mbili, acha mpaka weupe uishe, ndipo uunganishe, na ukishaunganisha hakuna kurudi nyuma. Baridi ikizidi, ngoja zaidi. Moto usiikaribie. Akaongeza kwamba ile hati ya kuingizia gundi nchini ilimsumbua sana, mizigo ikakaa bandarini, na yeye pia alilaani. Lakini tangu ije, kichwa hakimuumi akifungua stoo asubuhi. Wangila alisikiliza yote, akaitikia kwa kichwa, akauliza tena lile la baridi.

Tulifika karakana tumechelewa. Jozi za majaribio zilikuwa zitoke alasiri, mtu wa kuzipeleka akiwa ameshaitwa. Wangila alipaka soli na ngozi za majaribio zote, akazipanga mezani mstari kwa mstari, kisha akaketi na kukunja mikono.

"Buda, leo ni kuanika omena?" Isaac aliuliza, akizifananisha soli na dagaa.

Wangila akamwambia aketi pia. Dakika zikapita. Nje ukungu ulikuwa haujaondoka na gundi ilikataa kung'aa. Isaac, ambaye hajui kukaa, alinyoosha mkono achukue soli aigonge, na Wangila akamshika kifundo cha mkono, kwa upole lakini kwa nguvu. Hapo ndipo Mama Irungu alipoingia na chai, akakuta mafundi wameketi kama wako kwenye matanga, na kazi imetandazwa mbele yao haijaguswa.

Aliweka birika chini. Alimuuliza Wangila kama hajui ni siku gani leo, na kama amekwisha kukata tamaa, kwa nini asimwambie mapema. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Wangila alisimama. 

"Mama Irungu, gundi haikuwa na maji," alisema. "Hakuna aliyetuibia. Mimi niliipika, nikaiharibu, nikawafundisha wengine kuiharibu. Zile sandali zilifunguka kwa mkono wangu. Hii tunayongoja sasa, ikiachwa ikauke yenyewe, inashika kuliko ile ya manjano."

Mama Irungu alimtazama Wangila, akaitazama meza, kisha akaniangalia mimi kana kwamba mimi ndiye nitakayemwambia kama ni kweli. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Ile sufuria iko wapi?" aliuliza.

Isaac aliinama akaitoa chini ya meza. Ilikuwa na ukoko mweupe usiotoka. Mama Irungu aliigeuza mkononi.

"Hii ni sufuria yangu ya githeri," alisema. "Mimi ndiye niliyekupa. Nilikuona na mwiko nikasema moyoni, huyu mtu wa Bungoma ana akili."

Akaanza kucheka, machozi yakamtoka, akayafuta kwa pembe ya shuka. Alipomaliza, alimmiminia Wangila chai kabla ya wengine. Lakini akasema wazi kwamba kumpenda mtu ni jambo moja na chumba ni jambo jingine. Sandali za majaribio ndizo zitakazoamua, si huruma yake.

Aliyekuja kuchukua mzigo alingoja, akachoka, akaondoka. Valerie alimpigia simu kumwomba arudi kesho. Gundi iling'aa alasiri, na Wangila aliunganisha kila jozi mwenyewe, akilinganisha mara tatu kabla ya kushusha ngozi juu ya soli, maana sasa alijua haitarudi nyuma.

Tuliingia katika kungoja. Wakati huo jioni zake alizitumia kuzunguka Sarang'ombe na Toi, akisimama mbele ya kila fundi aliyejifunza kwake, akimwambia aache kupika. Walimpa jina la Mpishi. Walimuuliza leo kuna nini, wali au chapati. Mmoja alimwambia kwamba gundi yake ilikuwa tamu ila imekosa chumvi. Alirudi nyumbani ameinamisha kichwa, nami nilimpakulia chakula kingi kuliko kawaida, na sikumuuliza. Aliyonisimulia mwenyewe, tuliyacheka pamoja. Kila usiku niliomba kwa maneno machache: Bwana, zishike.

Majibu yalikuja Septemba, jua likiwa limeanza kurudi. Valerie alitusomea simu yake akiwa amesimama katikati ya karakana. Zile jozi zilikuwa zimevaliwa, zikaloweshwa, zikakunjwa, zikavaliwa tena. Zimeshika zote. Katoni haikunuka. Na kingo zake zilikuwa safi, bila ule mstari wa manjano uliokuwa ukitokeza zamani kati ya ngozi na soli. Mwenye duka alisema hizi ni bora kuliko zote tulizowahi kumpelekea, hata zile za kabla ya matatizo. Ataendelea. Ila alitaka kujua ni nani atakayesimama kuwajibika kwa kazi ya gundi, ili asirudishiwe midomo wazi mara ya pili.

Isaac alimpiga Wangila begani akamwita mkubwa, na safari hii hakutania. Mimi nilitoka nje nikamshukuru Mungu nikiwa nimeegemea ukuta.

Mama Irungu haliamini neno lililosemwa na watu wawili wakiwa peke yao. Alisema kama kuna mtu wa kusimama, asimame mbele ya watu. Basi alasiri hiyo alituita sote uani. Wapangaji waliokuwa wakianika nguo walibaki na vibanio mikononi. Mafundi wawili wa Toi walikuwapo, na Mama Nyongesa alikuwa amevuka kutoka Sarang'ombe nilipompigia simu. Mama Irungu alisema kwanza kwamba anajua gundi hii inataka kungojwa, na kwamba jozi za siku zitapungua. Hasara hiyo ataibeba yeye, na hatamlaumu fundi kwa kuketi. Kisha akamgeukia mume wangu akamuuliza, naye je, atasimama kuwajibika kwa gundi?

Wangila alivua kofia. Alinitafuta kwa macho, akaniona, ndipo akaanza.

"Mimi Wangila, mbele ya mke wangu na mbele yenu nyote, naahidi. Kitu kipya kikiletwa hapa, sitakihukumu kwa pua yangu. Nitakwenda kumuuliza anayekijua, na nisipoelewa nitamuuliza tena, hata mkinicheka. Na sandali nisiyo na uhakika nayo haitatoka kwenye meza hii, hata ikiwa imengojwa mwezi mzima. Nikivunja neno hili, Mama Irungu, msinifukuze. Nitabeba nyundo yangu niondoke mwenyewe, na nyinyi nyote mtakuwa mmenisikia."